Nakuru Ilipokataa Kuamka

Ndinda aliniomba nizungumze kwenye ibada ya kumuaga baba yake, kwa niaba ya watu waliofanya kazi naye, na nilipomwambia kwamba sitaweza hakunielewa. Tulikuwa nyumbani kwake Pipeline, ghorofa ya tano, siku ya mkutano wa kupanga mazishi. Ilikuwa mchana lakini taa zilikuwa zimewashwa, maana jengo la pili limesimama karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono dirishani unagusa nguo za jirani. Watu walikuwa wamebanana kwenye viti vya kukodi, chai inazungushwa, wazee wa kanisa wanabishana kuhusu basi la kwenda Machakos. Ndinda alinivuta hadi jikoni. "Auntie, baba alikuwa akikutaja sana. Na wa ile ofisi umebaki wewe tu." Kisha akapunguza sauti. "Ni kweli aliwahi kukufukuza kwetu? Mimi nakumbuka tu niliamka asubuhi moja nikakuta kitanda chako hakina godoro." Nilimwambia ni kweli. Alingoja niendelee, lakini sufuria ya maziwa ilifurika na mtu akamwita. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimjibu kichwani, na sasa naona afadhali nimwandikie, asome akiwa peke yake.

Mwaka niliofukuzwa nilikuwa mpangaji wao Umoja, katika chumba kidogo cha nyuma ambacho baba yake, Mzee Mutua, alikuwa amemjengea fundi wa viatu, fundi akahama. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama ua wa kuanikia nguo, na ukuta wake wa pili ndio ukuta wa jikoni, kwa hiyo niliamshwa kila asubuhi na Mama Ndinda akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. Mzee Mutua alikuwa mkubwa wangu kazini na baba mwenye nyumba nyumbani, jambo ambalo leo nisingemshauri msichana yeyote alikubali. Wakati ule niliona ni bahati. Tulikula pamoja sebuleni, yeye kwenye kiti chake chenye kitambaa cha kufuma, watoto sakafuni, Mama Ndinda karibu na mlango ili aweze kuinuka haraka. Mzee alikuwa akiombea chakula kwa sauti ya chini, maneno machache, kisha anageukia habari za kazi hata kabla hajanawa mikono vizuri. Mama Ndinda alikuwa akisema kwamba kama kompyuta ingekuwa mwanamke, angeshaenda kuitafuta aipige.

Kazi yetu ilikuwa katika kampuni ya bima, kwenye chumba cha mashine Industrial Area, chumba chenye baridi ambamo tulivaa sweta hata mwezi wa Januari. Kompyuta kuu ilikuwa humo, na kutoka hapo laini za simu zilikwenda kwenye matawi: Mombasa, Nakuru, Eldoret, Kisumu. Vijana wa zamu waliiendesha usiku na mchana, lakini mimi na Mzee Mutua ndio tuliotunza programu ya mtandao, ile iliyoifahamisha kompyuta kuu nani yuko wapi. Mtandao uligawanywa katika maeneo, kila eneo na nambari yake, na ndani ya kila eneo kulikuwa na nodi: skrini za makarani, printa, mashine za kuongozea laini. Anwani ya kila kitu ilikuwa nambari moja ndefu, sehemu ya mbele ikitaja eneo na sehemu ya nyuma ikitaja nodi yenyewe. Ili mashine ijue ikate nambari hiyo wapi, uliipa kikomo, yaani idadi kubwa kabisa ya maeneo ambayo mtandao ungeweza kuwa nayo. Mashine zote zilipaswa kukubaliana juu ya kikomo hicho. Moja ikiwa na kikomo tofauti, inakata nambari mahali pengine, haiwaelewi wenzake, nao hawaielewi. "Kosa dogo hilo," Mzee Mutua aliniambia wiki yangu ya kwanza, "na litakunyima usingizi kuliko mwizi." Alinifanya nisome kila faili kwa sauti, mstari kwa mstari, huku yeye amefumba macho akisikiliza. Ukikosea koma alijua.

Kisha kampuni yetu ikanunuliwa na kampuni kubwa zaidi, nayo ilikuwa na kompyuta yake kuu mjini na mtandao wake. Tukaambiwa tuunganishe mitandao hiyo miwili. Kompyuta yao ilikuwa eneo nambari moja na yetu pia ilikuwa eneo nambari moja, kwa hiyo yetu ilibidi ibadilishwe nambari. Kikomo chao kilikuwa kikubwa kuliko chetu, kwa hiyo kila faili yetu ilibidi ibadilishwe ilingane na zao. Hatimaye kukawa na agizo la tatu: kila nodi ina kompyuta inayoimiliki, ile inayoiamsha asubuhi na kuizima jioni, na umiliki wa nodi zote za matawi ulitakiwa kuhamishiwa upande wao. Agizo hilo lililetwa na Bwana Gathuru, mkuu wa mitambo wa kampuni iliyotununua, mtu mpole wa sauti aliyevaa suti hata Jumamosi. Nilikuwa nafanya kazi hiyo kwa furaha. Nilikuwa na umri mdogo na nilikuwa nimepewa kitu kikubwa cha kufanya. Sikujiuliza kinaelekea wapi.

Nilijua siku niliyokwenda kutafuta tepu kwenye stoo. Stoo hiyo ilitenganishwa na ofisi ya wageni kwa ubao mwembamba, na Bwana Gathuru alikuwa humo akizungumza kwa simu. Sikuwa nasikiliza mpaka niliposikia jina la mzee wangu. "Mutua na wale vijana wa zamu wote watapewa barua za kuachishwa kazi," alisema. "Tukishaunganisha, hicho chumba hatukihitaji tena. Hapana, wasiambiwe. Wakijua sasa nani atamaliza kazi? Yule msichana, Nekesa, huyo tutamchukua." Nilisimama na tepu mkononi, nikiogopa hata kuirudisha kwenye rafu isije ikagonga. Alipotoka alinikuta kwenye korido, nikifunga mlango wa stoo. Alinitazama, akaitazama stoo, akanitazama tena.

"Umesikia nini, Nekesa?"

"Sijasikia kitu, bwana."

"Vizuri sana," alisema, kwa upole ule ule. "Endelea hivyo hivyo, na utafika mbali."

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, na sijui kama nimewahi kuishi siku ngumu kama zile. Kazini Mzee Mutua alikuwa akiinama juu ya bega langu, ananionyesha jinsi ya kupanga njia za kutoka eneo hadi eneo, njia ya kwanza, njia ya akiba, na kila tulichokikamilisha niliona tumemsogeza karibu na mlango. Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mama Ndinda alinipakulia muthokoi akanitazama nisipoumaliza, akaniuliza kama naumwa. Usiku nilisikia kupitia ukutani wakizungumza Kikamba, na ingawa sikukielewa, niliona haya kama ninayewapeleleza.

Pengine ningenyamaza mpaka mwisho kama si kiwanda cha rangi. Jioni moja Mzee Mutua alituambia mezani kwamba kiwanda kimoja cha Baba Dogo kilitaka mtu wa kuwaanzishia kompyuta zao, na walikuwa wamemwita yeye. Walitaka jibu kabla ya Ijumaa. Mama Ndinda aliacha kula. "Si uende," alisema. "Hawa wapya huwajui."

"Niache mtandao niliojenga kwa mikono yangu, niende kuhesabu makopo ya rangi?" Alicheka. "Kesho nitawapigia niwaambie siendi."

"Mzee, nenda Baba Dogo," nikasema.

"Na wewe pia?" Bado alikuwa anacheka.

"Chumba cha mashine kitafungwa. Nimemsikia Bwana Gathuru. Tukimaliza kuunganisha, nyinyi wote mtapewa barua."

Mtoto wao mdogo, aliyekuwa akivuta maharagwe kwa kidole, alitulia kama aliyekemewa. Mzee Mutua aliweka kijiko chini.

"Nyinyi," alisema. "Hukusema sisi. Umesema nyinyi."

Sikuwa nimejisikia nikilisema. "Mimi wanasema watanibakiza," nilijibu, kwa sababu hakukuwa na jibu lingine la kweli.

"Ahaa. Kwa hiyo unaketi hapa kwangu, unakula chakula cha mke wangu, na kumbe kiti changu ushakipangia. Mutua aende Baba Dogo, Nekesa akae."

"Sivyo, Mzee. Naapa."

"Baba Ndinda," mkewe alisema, "msikilize kwanza."

"Nimesikiliza." Aliinuka. Alikuwa mtu mrefu, na sebule ile ilikuwa ndogo. "Kesho jioni nisikukute katika nyumba hii."

Sikungoja jioni. Kulipopambazuka nilikunja godoro langu, nikaliweka kwenye mkokoteni wa kijana aliyekuwa akiuza maji, nikahamia Kware. Siku hizi Kware ni maghorofa tu, lakini chumba nilichopata kilikuwa cha mabati, katika ploti ya akina mama waliofanya kazi ya vibarua viwandani. Wiki moja baadaye Mama Ndinda alikuja na beseni langu na nguo zilizokuwa zimebaki kwenye kamba. Alikaa kitandani, akakataa chai.

"Ulisema ukweli?"

"Ukweli mtupu, Mama Ndinda."

Alitikisa kichwa polepole. "Amewapigia wa Baba Dogo. Amewakatalia. Nimemwomba, nimechoka." Aliikunja leso yake mara kadhaa. "Mtu yule hawezi kuambiwa na mtu. Ni lazima aone mwenyewe. Sasa nangoja aone."

Kazini hakunisemesha zaidi ya kazi ilivyohitaji. Tuligawana matawi: mimi Kisumu na Eldoret, yeye Mombasa na Nakuru. Kila asubuhi niliingia nikingoja Bwana Gathuru aniite aniambie kwamba siri imefika kwake na kazi yangu imekwisha, kwa sababu Mzee Mutua angeweza kwenda kumuuliza wakati wowote, na kumuuliza kungetosha. Hakuniita. Siku zilipita. Nilimwona Mzee Mutua akisoma faili zake peke yake, midomo ikicheza bila sauti. Kuna wakati alifika mwisho wa ukurasa akarudi mwanzo, akasoma tena, akakaa muda mrefu akitazama mashine zenyewe. Nilidhani anatafuta kosa.

Tuliunganisha Jumapili, mchana, matawi yakiwa yamefungwa. Tulikuwa wote pale: mimi, Mzee Mutua, vijana wa zamu na Otieno kiongozi wao, kijana wa Kaloleni aliyezungumza Sheng hata na mameneja, na Bwana Gathuru akiwa amesimama karibu na simu iliyokuwa wazi kwenda kompyuta kuu ya mjini. Tuliiwasha yetu kwa nambari yake mpya ya eneo. Ikakubali. Tukaunganisha kompyuta na kompyuta. Zikasalimiana. Mombasa ikaamka, Kisumu ikaamka, Eldoret ikachelewa kidogo nami nikashika ukingo wa meza, kisha ikaamka. Mtu alipiga makofi.

"Nakuru haitaki," Otieno alisema.

"Jaribu tena."

"Nimejaribu, boss. Inanitupia ujumbe ule ule. Imekataa kabisa, jo."

Bwana Gathuru alisogea hadi kwenye skrini. Mimi niliusoma ujumbe nikiwa nimesimama nyuma na nikajua papo hapo. Ilikuwa ni kikomo. Mashine ya Nakuru ilikuwa imepakiwa programu yenye kikomo cha zamani, ikikata anwani mahali pake pa zamani. Nilijua pia kwamba mtu aliyenifanya nikisome kikomo hicho kwa sauti mpaka nikakiota hakuweza kukisahau.

"Nani alitayarisha Nakuru?" Bwana Gathuru aliuliza.

Nilitazama sakafu. Feni za mashine zilivuma.

"Mimi," Mzee Mutua alisema.

"Basi itengeneze. Kesho asubuhi wanafungua."

"Nitaitengeneza. Ni mstari mmoja tu, na faili iliyo sawa iko tayari." Alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, hajaigusa kibodi. "Lakini kwanza nijibu swali moja mbele ya vijana hawa. Baada ya leo, sisi tutakuwa wapi?"

"Mutua, hilo si jambo la leo."

"Ni la leo."

Uso wa Bwana Gathuru haukubadilika, lakini shingo yake iliiva. Alizungusha macho chumbani na nikaona yanakuja kwangu. Yalifika, yakasimama. "Nani amekuletea maneno hayo?"

Nilifikiri: sasa. Nilifikiri kuhusu chumba changu cha Kware na jinsi nitakavyorudi huko bila kazi. Mzee Mutua hakunitazama hata kidogo. Angeweza kunitaja kwa neno moja, na kwa jinsi alivyonichukia wiki zile nilikuwa na hakika atanitaja.

"Hakuna aliyeniletea," alisema. "Wewe ndiye uliyeniambia. Umenipa kazi ya kuhamisha umiliki wa nodi. Nimehamisha Mombasa. Nimehamisha Nakuru. Nimesoma za Kisumu na Eldoret. Nimetafuta nodi moja tu iliyobaki upande huu, moja, sikuiona. Sasa kompyuta isiyomiliki chochote ni ya kazi gani? Na watu wanaoilinda?" Hapo sauti yake ilikwaruza. "Nimesoma faili hizi zaidi ya Biblia. Ulidhani siwezi kuelewa zinasema nini?"

"Ati nini?" Otieno aliinuka. "Mzae, unamaanisha tunafutwa? Boss, si utuambie tu."

Kwenye simu sauti ndogo ya mtu wa mjini iliendelea kuuliza, haloo, haloo, mko hapo? Bwana Gathuru alivua miwani akajifuta uso. Kisha akasema. Barua zilikuwa tayari. Zingetolewa Ijumaa jioni langoni, na Jumatatu wasingeruhusiwa kuingia. Aliyasema hayo akitazama viatu vyao. Mzee Mutua alisubiri amalize, akasema haombi chumba kisifungwe, maana hilo lilikuwa limeshaamuliwa na watu ambao hatawaona kamwe. Aliomba watu wake wapewe notisi mpaka mwisho wa mwaka, kwa maandishi, leo. Bwana Gathuru alitoka kwenda kupiga simu kwenye ofisi ya wageni. Safari hii, mlango wa stoo ukiwa wazi, wote tulimsikia kupitia ubao, akibembeleza, akinyamaza, akibembeleza tena. Aliporudi alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi. Mzee Mutua aliisoma, akampa Otieno aisome, ndipo akavuta kibodi.

Laini ya Nakuru ilikuwa ya polepole, na programu ilichukua muda kupakiwa. Hakuna aliyekaa. Otieno alikuwa akilia bila kujificha. Nakuru ilipoamka hakuna aliyepiga makofi.

Miaka mingi baadaye nilikuja kuwa mkuu wa idara, na nimestaafu nikiwa hivyo. Nimejiuliza mara nyingi ningefanya nini kama mtu wangu angeniachia tawi zima likiwa limelala ili anibane nijibu swali. Ningemfukuza siku hiyo hiyo. Sheria za kazi zingeniunga mkono, na nisingeona nimekosea. Hata hivyo, kila ninapoiwaza Jumapili ile, mtu ninayetamani kuwa si Gathuru.

Notisi iliwasaidia. Otieno alipata kazi benki kabla ya Krismasi. Mzee Mutua alirudi kwa wale wa Baba Dogo akakuta nafasi imechukuliwa. Wakampa ya karani wa stoo katika ghala lao la Lucky Summer, na hapo ndipo alipofanyia kazi mpaka alipozeeka. Miezi ile iliyobaki alinifundisha kama zamani, kwa ukali zaidi, kila kitu alichokijua, lakini hakunialika Umoja wala hakutaja jioni ile. Siku yake ya mwisho tulibaki sisi wawili. Kompyuta yetu kuu ilikuwa bado inawaka bila kazi. Aliniambia niizime.

"Siwezi, Mzee. Ni yako."

"Nitakuwa sipo. Utazima nyingi kuliko hii. Andika."

Niliandika amri. Taa zilikwenda moja moja, kisha feni zikapunguza mwendo, zikasimama, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikasikia magari ya nje. Alivaa koti lake. Tulitoka pamoja, tukatembea hadi Jogoo Road. Tulipofika mahali ambapo yeye angevuka kuelekea Umoja na mimi ningeendelea na njia yangu, alisimama.

"Ile jioni," alisema. "Nilikuamini. Ulipotamka tu, niliamini."

"Basi kwa nini uliwakatalia Baba Dogo?"

"Kwa hasira. Nimelipia." Alitazama magari. "Uliniambia mbele ya mke wangu na watoto, Nekesa. Jambo kama lile mtu anaambiwa akiwa peke yake, ili apate nafasi ya kuogopa."

"Ningekuambia wapi? Kazini Gathuru angenisikia."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sikukutaja."

Pengo lilitokea kati ya magari, akavuka.